Kichafu Ndicho cha Kununua

Yaweke makasha mawili ubavu kwa ubavu katika duka lolote la vitu vya kale kati ya mitaa ya Hurumzi na Gizenga, Mji Mkongwe wa Unguja. La kwanza ni jeusi tititi, njumu, yaani misumari ya shaba ya kupambia, zinawaka, vanishi inakurudishia sura yako kama kioo. La pili limesukumwa kona, vumbi limelala juu yake, mguu mmoja haupo, njumu zimefifia zikawa rangi ya tende na tano zimeng'oka. Wateja wengi huenda moja kwa moja kwa la kwanza na hulilipia zaidi. Nadhani wanapishana na mali pale pale dukani.

Hoja yangu wenye maduka hawaipendi, nami sishangai: vyombo vya kale vya Unguja na Pemba vinaharibiwa na msasa kuliko vinavyoharibiwa na mchwa. Mchwa huingia kwenye chombo kilichotelekezwa. Msasa huingia kwenye kile ambacho mwenyewe ameshakipenda na yuko tayari kumlipa fundi. Tena msasa huondoa ushahidi. Kasha chafu linaonyesha miaka yake, magonjwa yake na waliolitengeneza kabla yako. Kasha lililokwanguliwa na kupakwa linakutaka umuamini muuzaji tu.

Ushahidi wenyewe hausomwi kwa mbele, mahali ambapo kila mtu anatazama. Omba msaada wa mtu wa pili, mlipindue. Ubao wa chini na wa nyuma haukupata kupigwa polishi, kwa hiyo ndiko ukweli uliko. Mbao iliyopasuliwa kwa msumeno wa mkono ina mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana, mmoja umekwenda ndani, mwingine juu juu. Ukiona mikwaruzo ya kupinda kama vipande vya duara, vyote kwa mwendo mmoja, huo ni msumeno wa mashine. Ukikuta plaiwudi, umeshajua. Kisha tazama skrubu. Ile yenye kichwa cha nyota iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1930. Basi ukiikuta kwenye bawaba za kasha unaloambiwa ni la enzi za Seyyid Barghash, sultani wa karne ya 19, ama limekarabatiwa baadaye au limezaliwa juzi. Skrubu moja ya nyota si hukumu, kwa sababu bawaba huvunjika na watu hutengeneza. Zikiwa kumi na mbili zote za nyota, na matundu yake hayana alama ya skrubu nyingine iliyotangulia, mrudishie muuzaji ufunguo wake.

Chukua na sumaku ndogo mfukoni, hata ile ya mlango wa friji. Shaba ya manjano haishikwi na sumaku. Bamba la mbele likiinasa, hicho ni chuma kilichovalishwa rangi ya shaba, na kwa hewa yetu ya chumvi kitaanza kutoa kutu pembezoni mapema sana.

Halafu uchakavu. Kitu kilichotumika huchakaa mahali mkono na mguu vilipogusa: ukingo wa mbele wa kifuniko katikati, pale kiganja kilipoinua, kuzunguka tundu la ufunguo, pale funguo nyingine za kitita zilipogonga, pembe za chini, pale lilipoburutwa sakafuni. Uchakavu wa kutengenezwa umeenea sawasawa kila upande, hata mahali ambapo hakuna mkono ungefika. Fungua ndani, upande wa kushoto kwa kawaida utakuta kishubaka chenye kifuniko chake, pa kuwekea vito na hati, na mara nyingine droo ya siri chini yake. Ingiza pua. Kasha lililohifadhi nguo za Waswahili lina harufu ya udi na kafuri iliyonywea ndani ya mbao, haitoki. Likinuka dawa ya viatu au oili chafu ya gari, mtu amelipikia uzee.

Hapa niseme jambo moja ili mafundi wetu wasionewe. Kasha jipya la kuchongwa leo na fundi wa Unguja kwa msaji au mkangazi ni kitu kizuri na halali. Hata makasha tunayoyaita ya Kizanzibari mengi yalikuja na majahazi kutoka Bombay, Surat na pwani ya Malabar, huko India. Jina limetokana na bandari yalikouzwa. Kosa liko kwenye bei ya miaka 150 kuwekwa juu ya kazi ya mwezi uliopita.

Kwa anayepamba nyumba ya kukaa, si hoteli, nadhani hata hilo kasha si ununuzi wa kwanza. Mali iliyolala ni ile ambayo hakuna anayeiita ya kale: makabati ya mvule ya miaka ya 1940 na 1950, meza za kulia za mninga, viti vya henzirani, vitanda vya samadari vilivyovunjwa vipande na kusimamishwa nyuma ya mlango wa banda. Hivi hutolewa kila nyumba inapogawanywa mirathi au kugeuzwa ya wageni, na mahali pake panaletwa kabati la ubao wa unga wa kushindiliwa lenye ngozi ya plastiki. Kabati hilo hewa yetu hailipendi. Unyevu huingia kwenye kingo ambazo ngozi haikufika, unga unavimba, tundu la skrubu linakuwa pana na bawaba haina tena pa kushika. Fundi hana la kufanya, maana skrubu ikishatoka kwenye unga hairudi. Bawaba ya kabati la mvule ikilegea, unachonga kijiti cha mvule, unakitia gundi, unaziba tundu, unatoboa upya, kazi ya nusu saa. (Tusijidai sana, lakini. Hata Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alikuwa na kabati la fomaika, yaani la ngozi ngumu ya plastiki, na liliwahi kuonyeshwa katika makumbusho ya Kasri pale Forodhani pamoja na vyombo vyake vingine.)

Samadari inahitaji maneno zaidi, kwani ndiyo inayonunuliwa vibaya kuliko vyote. Kitanda hiki kilibuniwa kuvunjwa, na ni bahati, kwa sababu vyumba vya Mji Mkongwe vina upana wa boriti ya mkoko, karibu mita 3 au pungufu, na ngazi zake ni za mtu mmoja kupanda na mwingine kusubiri. Kwa hiyo utakikuta vipande, na kabla ya kutoa pesa lazima uvihesabu: matendegu (miguu) manne, mifumbati miwili ya ubavuni, vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, chaga zake (mbao za kubeba godoro), na kama kina besera (pazia la juu), nguzo na fremu ya juu. Kilichopotea mara nyingi ni chaga na besera. Chaga si tatizo, mbao yoyote nzuri inafaa. Tendegu likikosekana ni tatizo kubwa, kwa sababu limekerezwa kwa mashine ya kukerezea, na la kuigiza lazima lifanane na yale matatu kwa kila pete na kila shingo.

Viungo vikague kimoja kimoja. Mfumbati huingia kwenye tendegu kwa ulimi na tundu, na hukazwa kwa skrubu ndefu. Ulimi ndio unaovunjika, kwa sababu watu hukisukuma kitanda kikiwa kimefungwa badala ya kukiinua. Ulimi uliovunjika unatengenezeka: fundi anachimba mfereji ndani ya mfumbati na kuingiza ulimi mpya wa mbao ileile, nyuzi zikielekea ule ule upande wa urefu. Ulimi uliogongelewa misumari ni kesi nyingine, misumari imeshapasua mbao na kila unapoitoa inaondoka na kipande. Tafuta pia alama za fundi wa kwanza, mikato midogo ya patasi, mmoja, miwili, mitatu, inayofanana kwenye ulimi na kwenye tundu lake. Zikilingana, ni kitanda kimoja. Zisipolingana, umeuziwa nusu ya vitanda viwili. Msasa ukishapita, alama hizo ndizo za kwanza kufutika.

Pima ndani, kati ya mfumbati na mfumbati, si nje. Magodoro mengi yanayouzwa madukani ni futi 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6. Samadari hazikuyajua magodoro hayo, zililaliwa godoro la usufi au pamba lililoshonwa kwa kipimo chake. Itakulazimu kuagiza sponji ikatwe. Usichukue la inchi 10. Kitakizo chenye vioo vilivyochorwa maua kitazama nyuma ya godoro na kila anayeegemea atakisukuma. Inchi 5 au 6 zinatosha.

Wadudu sasa. Matundu madogo ya mviringo kwenye mbao hayamaanishi kwamba mdudu yupo. Yanamaanisha kwamba alitoka. Unachotaka kujua ni kama wenzake wamebaki. Safisha matundu kwa brashi, tandaza karatasi nyeusi chini ya chombo, kigonge kidogo, uache siku tatu. Unga mpya, mweupe, ukianguka juu ya karatasi, wamo. Muuzaji mwenye chombo kizima hatakataa siku hizo tatu. Tundu lililozibwa kwa unga wa mbao na gundi kisha likapakwa vanishi halikuambii lolote, na ndiyo sababu chombo kilichotengenezwa kabla ya kuuzwa kinanitia wasiwasi.

Walio ndani hutibiwa kwa dawa ya wadudu wa mbao, unaivuta kwa sirinji na kuisukuma tundu kwa tundu mpaka itokee kwa jirani yake, dirisha wazi, glavu mkononi. Unarudia baada ya wiki kadhaa kwa sababu mayai hayafi yote mara ya kwanza. Kitu kidogo, mbuzi ya kukunia nazi au fremu ya kioo, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, kitie kwenye friza ya baridi kali, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi, wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka kipate joto la chumba, la sivyo unyevu wa hewa utaganda juu ya mbao badala ya kuganda juu ya plastiki. Mafuta ya taa yanayopakwa juu juu yanaacha harufu miezi, na mdudu aliye ndani kabisa hana habari nayo.

Tuje kwenye usafishaji. Kabla ya kumwita fundi, jua juu ya mbao kuna nini. Chukua pamba iliyoloweshwa spiriti, iguse sehemu isiyoonekana kwa sekunde chache. Ikinata na kutoka na rangi ya chai, hiyo ni polishi ya zamani ya spiriti, na inaweza kufufuliwa bila kukwanguliwa. Isipobadilika, huenda ni vanishi ya kisasa.

Vumbi litoke kwa brashi laini. Halafu kitambaa kilicholowa na kukamuliwa mpaka kinakaribia kukauka, maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni isiyo kali, eneo la kiganja mbili, unakausha ndipo unasogea. Weusi wa mafuta ya mikono unaong'ang'ania hutoka kwa tapentaini kidogo kwenye pamba. Ukifika hapo, mara nyingi utagundua kwamba rangi uliyotaka kuinunua dukani ilikuwa chini ya uchafu muda wote. Maliza kwa nta: gramu 100 za nta ya nyuki kwa mililita 200 za tapentaini. Yeyusha nta kwenye chombo kilichokaa ndani ya sufuria ya maji moto, iondoe kabisa jikoni, peleka nje, ndipo umimine tapentaini. Mvuke wake hushika moto. Ikiganda paka nyembamba, ngoja dakika 20, sugua kwa kitambaa cha pamba hadi mkono usinate. Mara moja au mbili kwa mwaka.

Mafuta ya nazi, ambayo watu wanayapenda kwa sababu yanang'arisha siku ile ile, hayakauki. Yanabaki yakinata, yanakusanya vumbi, na masika yakiingia yanaota ukungu. Sifa nayo, mafuta ya ini la papa, ibaki kwenye ngalawa.

Kuna sababu ya kiafya pia ya kuogopa msasa, na mafundi wachache wanaambiwa. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile za milango, madirisha na makabati ya jikoni, huenda zina madini ya risasi. Ukizisugua kavu unajaza chumba vumbi la sumu, na anayeathirika kwanza ni mtoto anayetambaa sakafuni. Ikibidi rangi itoke, itoke ikiwa imeloweshwa, nje ya nyumba, fundi akiwa na barakoa ya maana, na mabaki yazolewe, yasifagiliwe uani.

Mafundi watajibu kwamba mteja ndiye anayetaka ing'ae, na hawasemi uongo. Fundi analipwa kwa kinachoonekana. Anayelipa nusu siku ya msasa na kopo la vanishi anaona alichopata; anayelipa siku mbili za pamba na brashi anadhani ameibiwa. Ndiyo maana lawama naipeleka kwa mnunuzi.

Shaba ina mtihani wake. Sinia, birika, mrashi na chetezo tumezoea kuvisugua kwa ukwaju au ndimu na chumvi, na kweli vinatakata. Lakini asidi ikikaa muda mrefu huondoa zinki iliyomo kwenye shaba ya manjano na kuacha mabaka ya rangi ya waridi ambayo hayasuguliki. Ikibaki kwenye nakshi, baada ya wiki utaiona imegeuka kijani. Kwa hiyo dakika mbili tatu, suuza kwa maji mengi, kausha hadi ndani ya mikunjo. Njumu za kasha usizipake ndimu kabisa, wala dawa ya shaba ya kopo, maana hushuka kwenye mbao na kuchora pete nyeupe kuzunguka kila kichwa. Zifute kwa kitambaa kikavu, ziache na wekundu wake. Sufuria ya shaba nyekundu ambayo kalai ya ndani imelika, weka maua. Usipikie mchuzi wa ukwaju.

Kiti cha henzirani kilichobonyea ila hakijakatika hakihitaji fundi. Kigeuze, lowesha henzirani kwa chini kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka ilainike, kiache kivulini usiku mzima. Ikikauka inajivuta. Ikishakatika nyuzi mbili tatu, suka upya kabla haijaachia yote, na ukatae utepe wa plastiki. Plastiki haijivuti, na makali yake hukata matundu ya fremu.

Taa za zamani ni fupi kusema: nunua mwili wake, waya ubadilishe wote, na kama mwili ni wa chuma au shaba utiwe waya wa ardhini.

Chombo kikishafika nyumbani kuna maadui wawili, ukuta na kiyoyozi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka chini na kuyatoa pamoja na chumvi, na zilizopigwa plasta ya saruji huyafungia ndani yakatokea mahali pengine, kwa kawaida nyuma ya kabati lako. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 8. Chini ya miguu weka vipande vya mbao ngumu. Makasha yalitengenezewa miguu kwa sababu hiyo hiyo. Kiyoyozi hufanya kinyume: hukausha. Ubao mpana wa msaji uliozoea unyevu wa pwani miaka mingi, ukiingizwa chumba cha nyuzi 18, husinyaa kwa upana milimita kadhaa, wala hausinyai kwa urefu. Mafundi wa kale walilijua hilo, wakauacha ubao wa katikati wa mlango wa kabati ukielea ndani ya mfereji bila gundi. Fundi wa leo akiona unacheza anaupiga gundi na skrubu ili utulie. Mwezi wa pili umepasuka katikati, na yeye anasema mbao ilikuwa mbovu.

Sheria nayo ipo. Kuvitoa nje ya nchi vitu vya kale kunahitaji kibali cha mamlaka ya mambo ya kale, na muuzaji anayesema risiti yake inatosha anakudanganya. Kiti cha enzi (kile kiti kikubwa cha heshima cha Waswahili) chenye pembe ya ndovu na kisanduku cha gamba la ng'amba, yaani kasa, havivuki mpaka kwa urahisi. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kuanzia 1990. Mlango wa kuchongwa ni jambo zito zaidi. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000 pamoja na milango yake, si kuta tupu. Ukiuziwa mlango, uliza ulitoka nyumba gani na hapo pamewekwa nini. Mlango uliokatwa ukawa meza ya kahawa sioni uzuri wake hata ungekuwa na kioo juu.

Turudi kwa lile kasha la kona, tuseme umelichukua. Mguu uliokosekana uchongwe kwa mbao ya aina ile ile, ushikizwe kwa gundi ya mbao na vijiti, bila msumari. Njumu tano zinazokosekana zinaweza kungoja. Matundu yake yafunge kwa nta ili wadudu wasiingie. Mguu mpya upakwe nta tu, usitiwe rangi ya kuuzeesha. Utakuwa mweupe kuliko mitatu mingine kwa miaka kadhaa, na wageni watauliza. Chini yake, pale panapogusa sakafu, fundi aandike kwa penseli mwaka alioutengeneza.